Jinsi ya kuielekeza setilaiti ndogo: mwongozo unaoanzia kwenye kiti cha kuzunguka

Tafuta kiti cha ofisi kinachozunguka bila kukwamakwama. Keti, nyanyua miguu, halafu jaribu kugeukia nyuma bila kushika meza wala ukuta. Utapinda kiuno kulia na kiti kitakwenda kushoto. Ukijinyoosha, kiti nacho kinarudi kilikokuwa. Ukijirusha kwa fujo unaweza kuiba digrii chache, lakini hapo umesaidiwa na msuguano wa beringi, na angani huna beringi wala sakafu. Sasa mwombe mtu akupe gurudumu la baiskeli. Lishike kwa ekseli juu ya kichwa, ulizungushe kwa mkono wa pili. Kiti kinaanza kuzunguka kinyume chake. Lisimamishe gurudumu, nacho kinasimama. Umeshapata karibu nusu ya somo.

Nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Fumba macho, mwambie mwenzako akuzungushe mara kadhaa taratibu, kisha mwonyeshe kwa kidole mlango uko wapi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifanya kazi hii kwa mikono yake: mwanafunzi wa uhandisi, klabu ya roboti ya shule, fundi wa elektroniki mwenye udadisi. Nitatumia mfano mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho: setilaiti yenye umbo la mkate wa boflo, sentimita 10 kwa 10 kwa 34, uzito kilo 4, ikiwa kilomita 500 juu ya ardhi. Ni jamii ile ile ya Taifa-1, ambayo Kenya iliirusha tarehe 15 Aprili 2023. Hesabu zote hapa chini ni za huo mkate. Ukibadilisha ukubwa, zirudie mwenyewe.

Hatua ya 1: Andika unataka kulenga kwa usahihi gani

Usinunue chochote bado. Chukua karatasi, andika setilaiti inatakiwa kutazama nini, na ikikosea kwa kiasi gani kazi bado itafanyika. Kutoka kilomita 500, ukitazama chini wima, kosa la digrii 1 linakupotezea shabaha kwa kilomita 8.7. Umelenga kisiwa cha Mombasa, umerudi na picha ya maji. Kwa hiyo kamera inayoona eneo la upana wa kilomita 20 inataka nusu digrii au pungufu. Redio yenye antena ya fimbo haina makuu: hata ukiwa umepinda digrii 30, utasikika.

Karatasi hii ndiyo inayookoa pesa. Kama kazi ya setilaiti ni kutuma mlio na kutaja joto la betri tu, sumaku ya kawaida iliyofungwa ndani, pamoja na vijiti vya chuma laini vya kunyonya mtikisiko, inatosha kabisa. Sumaku itajipanga na uga wa sumaku wa dunia kama sindano ya dira, bila programu na bila umeme. Nimeona michoro ya wanafunzi yenye magurudumu matatu na kamera ya nyota kwa ajili ya setilaiti ambayo kazi yake yote ni kupiga mlio. Huko ni kununua trekta la kulimia kitalu cha sukuma wiki.

Hatua ya 2: Jua uko wapi, na ni saa ngapi

Mkate wetu unakwenda kilomita 7.6 kila sekunde. Unamaliza mzunguko kwa dakika 94 na nusu hivi, yaani mizunguko 15 kwa siku. Saa yake ikikosea sekunde 1, picha imekosewa kwa kilomita 7 hata kama kamera imeelekezwa sawasawa. Ndiyo maana mahali na wakati vinatangulia mwelekeo.

Njia ya bei nafuu ni ile mistari miwili ya namba ambayo jeshi la Marekani huitoa bure kutokana na rada zake, kwa karibu kila kitu kinachozunguka dunia. Unaipandisha kwenye setilaiti kwa redio, na programu iitwayo SGP4 inakokotoa mahali ulipo. Siku ya kwanza itakosea kama kilomita 1, kisha kosa linaongezeka kila siku, kwa hiyo panga kupeleka namba mpya mara kwa mara. Njia ya pili ni kipokezi cha GPS, ambacho kitakupa mahali kwa makosa ya mita chache chache. Lakini usichomoe chipu ya simu ukadhani umemaliza. Vipokezi vya kawaida vimefungwa makusudi visifanye kazi mwendo ukizidi mita 515 hivi kwa sekunde, ili visitumike kwenye makombora, na wewe unakwenda karibu mara 15 ya hapo. Agiza kilichofunguliwa kwa matumizi ya angani, na uanze mapema kutafuta kibali, maana makaratasi yake huchelewa kuliko kifaa chenyewe.

Ukishajua mahali na saa, kompyuta inaweza kukokotoa mambo matatu: jua liko upande gani, uga wa sumaku mahali hapo umeelekea wapi na una nguvu kiasi gani, na shabaha yako iko wapi. Kwa uga wa sumaku kuna modeli ya kimataifa iitwayo IGRF, ni ya bure na hufanywa upya kila baada ya miaka 5. Haya matatu ni majibu ya mwalimu. Sensa za setilaiti ndizo daftari la mwanafunzi.

Hatua ya 3: Tafuta vitu viwili vya kutazama

Mfunge mtu kitambaa machoni, msimamishe uwanjani saa tatu asubuhi. Akisikia joto la jua kwenye shavu la kulia, anajua jambo moja kuhusu mwelekeo wake, lakini si yote. Mkate angani wenye jua ubavuni unaweza kubingirika kuuzunguka mstari wa jua kama mshikaki juu ya makaa, na jua likabaki ubavuni vilevile. Kitu kimoja hakitoshi kamwe. Ukipata cha pili kilicho upande tofauti, mwelekeo wote unajulikana. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliopima urefu wa nyota kwa kibao chenye uzi wa mafundo walikuwa na upeo wa macho kama kitu cha kwanza na nyota kama cha pili. Kanuni ni ileile.

Vitu vya kutazama viko vinne, na kila kimoja kina hila yake.

Jua ndilo rahisi. Bandika vipande vidogo vya kupokea mwanga kwenye nyuso zote sita. Unaopata mwanga mwingi ndio umeelekea jua, na kwa kulinganisha nyuso tatu unapata pembe kwa makosa ya digrii chache. Hila ya kwanza: kwa mwinuko huu setilaiti nyingi hukaa kwenye kivuli cha dunia kama dakika 35 katika kila mzunguko, na humo jua halipo. Hila ya pili ni dunia yenyewe, ambayo hurudisha karibu asilimia 30 ya mwanga wa jua. Ukipita juu ya mawingu meupe, sensa ya chini itaapa kwamba kuna jua la pili.

Uga wa sumaku unapatikana usiku na mchana. Kuujaribu hakugharimu kitu, kwa sababu simu yako ina magnetomita, yaani kifaa cha kupima uga wa sumaku. Pakua programu inayoonyesha usomaji wake, toka nje mbali na gari na mabati, usome: Afrika Mashariki utaona kitu kama mikrotesla 33 au 34. Sasa igeuze simu pande zote taratibu. Namba ya jumla ingepaswa kubaki ileile, lakini itapanda na kushuka, kwa sababu spika na vyuma vya simu vina usumaku wao. Setilaiti yako itafanya hivyo hivyo: betri, skrubu, hata nyaya zinazopitisha umeme kwa kuzunguka. Andika usomaji wa pande zote, tafuta katikati ya duara unalochora, uitoe hiyo katikati kwenye kila kipimo. Wakati uko hapo nje, angalia pia mstari wa uga hauendi kaskazini ukiwa mlalo. Nairobi na Dar es Salaam unainuka kuelekea juu, kwa kuwa ikweta ya sumaku imepita kaskazini kwetu, Ethiopia. Mwanafunzi aliyesoma vitabu vya Ulaya, ambako mstari huo unazama ardhini, hubadilisha alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa hapa na kupoteza wiki nzima.

Upeo wa dunia hutazamwa kwa sensa ya joto, kwa sababu dunia ina joto hata usiku na anga ni baridi. Kutoka kilomita 500 dunia si mpira mdogo kama ule wa kwenye picha. Inajaza digrii 136 za mtazamo wako. Sensa huona kingo zake mbili na kusema chini ni wapi.

Nyota ndizo sahihi kuliko vyote. Kamera hupiga picha, kompyuta hupima umbali kati ya nukta, hulinganisha na orodha iliyomo kwenye kumbukumbu, kisha hutoa mwelekeo kwa usahihi wa sekunde kadhaa za tao. Digrii moja ina 3,600 za hizo. Ila kamera hii ina deko. Jua likiikaribia, haioni. Setilaiti ikibingirika haraka, nyota zinakuwa michirizi. Haiwezi kukuokoa wakati umepotea kabisa, na ndiyo maana hata setilaiti za gharama kubwa bado hubeba magnetomita.

Halafu kuna jairoskopu, ambayo haitazami chochote. Inahisi tu kasi ya kugeuka. Ni kama mtu aliye kwenye kile kiti akihesabu moyoni "nimegeuka robo, nimegeuka nusu": kwa dakika moja ni hodari, baada ya saa moja anakudanganya bila kujua. Zile ndogo za bei nafuu hupotea digrii kadhaa kwa saa, na joto likibadilika zinapotea zaidi.

Hatua ya 4: Changanya ushahidi, lakini usimwamini shahidi mmoja

Ukiwa na vitu viwili vilivyopimwa na viwili vilivyokokotolewa, hesabu ya kwanza ya kuandika ni ile iitwayo TRIAD. Inatoshea kwenye ukurasa mmoja na inakupa mwelekeo papo hapo. Anza nayo hata kama utaiacha baadaye. Uhifadhi mwelekeo kwa kwatenioni, yaani namba nne, badala ya pembe tatu. Pembe tatu zina mahali fulani ambapo hesabu inagawanya kwa sifuri, na setilaiti inayobingirika itapafikia tu. Kisha weka kichujio cha Kalman: jairoskopu inakupa mwendo wa sekunde hadi sekunde, jua na sumaku vinakuja kuirekebisha kila vinapopatikana, na kichujio kinajifunza jairoskopu inapotoka kwa kiasi gani.

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo setilaiti hufia.

Japani ilirusha darubini ya eksirei iitwayo Hitomi tarehe 17 Februari 2016. Tarehe 26 Machi iligeuzwa kutazama shabaha mpya, ikageuka vizuri, ikatulia. Lakini kichujio chake kilibaki kikiamini kwamba inazunguka digrii 21.7 kwa saa. Kamera ya nyota ilikuwa na picha iliyoonyesha vingine, ila programu iliukataa ushahidi huo kwa sababu ulitofautiana mno na kile ilichokwisha kukiamini. Magurudumu yakaanza kuzuia mzunguko ambao haukuwepo, na kwa kufanya hivyo yakauanzisha mzunguko wa kweli. Yalipokaribia ukomo, mfumo wa dharura ukaingia na kuwasha injini ndogo za kusukuma, ambazo siku za nyuma zilipewa namba za mpangilio zenye makosa. Zikaongeza mzunguko badala ya kuusimamisha, hadi mabawa ya kukusanyia mwanga wa jua yakakatika. Setilaiti nzima ilipotea, na sensa zake zilikuwa nzima.

Kwa hiyo andika sheria tatu kwenye programu yako kabla ya kupamba kingine chochote. Sensa mbili zikibishana kwa muda mrefu, setilaiti iache kugeuka, isimchague mshindi. Jua likionekana ubavuni ilhali kichujio kinadai liko mgongoni, ushinde ushahidi wa jua, kichujio kianze upya. Na mfumo wa dharura usitegemee chochote kinachotumiwa na mfumo wa kawaida, hata namba moja.

Hatua ya 5: Zima kubingirika kwa koili

Mkate ukitoka kwenye sanduku la kurushia hubingirika, mara nyingine digrii 10 kwa sekunde. Breki yako ya kwanza ni koili tatu za waya, kila moja upande wake. Ukipitisha umeme, koili inakuwa sumaku, na uga wa dunia unajaribu kuigeuza.

Piga hesabu. Koili ya zamu 100, eneo la sentimita 8 kwa 10, umeme wa ampea 0.1, ina nguvu ya sumaku ya 0.08 kwa kipimo cha ampea na mita za mraba. Zidisha kwa uga wa mikrotesla 30: unapata torki ya mikronewtoni-mita 2.4. Torki ndiyo ile nguvu ya kuzungusha ambayo mafundi wa magari huipima wakikaza nati za magurudumu. Nati hukazwa kwa newtoni-mita kama 100, mara milioni 40 ya hii. Hata hivyo inatosha. Mkate wetu ukibingirika mbele-nyuma una ukinzani wa kugeuzwa wa 0.042 kwa kipimo cha kilo na mita za mraba, na kwa digrii 10 kwa sekunde koili ingeusimamisha kwa dakika 51 kama ingekuwa inasukuma kikamilifu muda wote. Haisukumi hivyo, kwa hiyo hesabu mizunguko kadhaa ya kuizunguka dunia. Subira ni sehemu ya muundo.

Amri yenyewe ni fupi: pima uga unabadilika vipi, kisha ifanye koili isukume kinyume cha badiliko hilo. Haihitaji jua, saa, wala kujua uko wapi, na ndiyo sababu ni ya kwanza kuwashwa. Zingatia mambo mawili. Usipime uga wakati koili imewashwa, maana utapima koili yako mwenyewe. Washa, zima, subiri kidogo, pima, washa tena. Na koili haiwezi kabisa kugeuza setilaiti kuuzunguka mstari wa uga. Kwenye obiti ya kupita karibu na ncha za dunia hilo si tatizo, kwa sababu mstari wenyewe unageuka njia nzima na kila upande unapata zamu. Kwenye obiti ya ikweta mstari umeelekea kaskazini karibu muda wote, na upande mmoja wa setilaiti utabaki bila breki.

Ya ikweta si ya kufikirika tu kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Obiti yake ilikuwa imeinama digrii 3 tu kutoka ikweta. Ilidhibitiwa kwa gurudumu moja la ndani lililoishikilia isiyumbe na koili za sumaku zilizougeuza mhimili wake taratibu, huku yenyewe ikizunguka mara moja kila dakika 12 hivi na kufagia anga kama mnara wa taa. Kwa vifaa hivyo ilitoa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei.

Ukiona kuzunguka huko kunavutia ukataka kukuiga, kwanza jua kilichoipata Explorer 1 mwaka 1958. Ilikuwa nyembamba na ndefu kama kalamu, ikazungushwa kwa mhimili wake mrefu, na muda mfupi baadaye ikawa inapinduka kichwa-miguu. Antena zake laini zilipepesuka na kula nishati, na kitu kinachopoteza nishati huishia kuzunguka kwa mhimili wenye ukinzani mkubwa kuliko yote, ambao kwa kalamu ni ule wa kukata ubavuni. Mkate wetu nao ni mrefu. Usiuzungushe kama mshikaki ukategemea utabaki hivyo.

Jaribio la nyumbani: funga koili pamoja na betri yake ndogo kwenye kadibodi moja, uitundike kwa uzi mwembamba kutoka darini, funga madirisha, washa. Itageuka na kujipanga kaskazini-kusini. Betri lazima ining'inie pamoja na koili, kwa sababu nyaya zikitoka mezani zitaishika kuliko sumaku. Mimi mara ya kwanza nilipoongeza kompyuta ndogo na ile amri ya breki, mfano ulizidi kuzunguka badala ya kutulia. Nilisoma programu siku mbili mstari kwa mstari. Kumbe nilikuwa nimegeuza nyaya mbili za koili.

Hatua ya 6: Magurudumu ya kulenga

Breki ikishafanya kazi, kulenga kunarudi kwenye gurudumu la baiskeli. Gurudumu dogo la kutosha kiganjani, likizunguka mara 6,000 kwa dakika, hubeba momenta ya mzunguko, yaani akiba yake ya kuzunguka, ya millinewtoni-mita-sekunde 10 hivi. Gawa kwa ukinzani wa mkate: linaweza kuugeuza kwa karibu digrii 14 kila sekunde. Ni zaidi ya unachohitaji. Tatizo liko kwingine.

Dunia huvuta ncha ya chini ya mkate kidogo kuliko ncha ya juu? Kinyume chake: ya chini iko karibu zaidi, huvutwa zaidi. Mkate ukiwa umelala mshazari, tofauti hiyo hutoa torki ya hadi newtoni-mita 0.000000065. Ni kama hakuna. Lakini haipumziki, na gurudumu linalopambana nayo lazima liongeze kasi kila dakika. Gawa zile millinewtoni-mita-sekunde 10, yaani 0.01, kwa hiyo torki: chini ya siku 2 gurudumu limefika ukomo, na lililofika ukomo halielekezi tena kitu. Ndipo koili zinarudi kazini: zinasukuma mkate upande mmoja huku gurudumu likipunguza kasi, na momenta inaachiwa uga wa dunia. Darubini ya angani ya Hubble haina injini za kusukuma hata moja. Hutegemea njia hii tangu 1990.

Weka magurudumu manne badala ya matatu kama nafasi ipo, yakiwa yamelalia pande nne za piramidi, ili lolote likifa matatu yaendelee. Kepler, darubini ya kutafuta sayari, ilikuwa nayo manne. La kwanza lilikufa 2012, la pili Mei 2013, na kwa mawili haikuweza tena kutulia. Wahandisi wakafanya jambo ambalo mpaka leo nalionea wivu: waliipanga setilaiti ili mwanga wa jua uisukume sawa pande zote mbili za mgongo, kama mtu anayesawazisha sinia kichwani, wakautumia mwanga badala ya gurudumu la tatu. Ilifanya kazi hivyo hadi mafuta yalipoisha mwaka 2018.

Hatua ya 7: Obiti yenyewe

Kwa mikate mingi hatua hii haipo: haina injini, inakubali kushuka kadiri hewa nyembamba inavyoivuta. Hata hivyo una usukani mmoja wa bure. Mkate ukiwekwa ubavu mbele unakutana na hewa zaidi ya mara tatu kuliko ukitanguliza ncha. Zipo kampuni zinazotenganisha setilaiti zake kwenye foleni kwa njia hiyo tu. Na hewa si ya kupuuzwa: Februari 2022 dhoruba ya sumaku ililipasha joto tabaka la juu, hewa ikapanda, na setilaiti za Starlink zilizokuwa zimeachiwa chini sana, karibu kilomita 210, zikaamriwa zilale bapa kama karatasi ili kuukwepa upepo. Kati ya 49, karibu 40 ziliungua.

Ukiwa na injini, sahau mazoea ya barabarani. Unataka kumfikia aliye mbele yako kwenye obiti ileile? Funga breki. Utashuka, na chini mzunguko ni mfupi: kilomita 10 chini zinakupa karibu kilomita 94 za kumkaribia katika kila mzunguko. Ukikanyaga mafuta utapanda na kuachwa nyuma. Kupandisha mkate wetu kutoka kilomita 500 hadi 510 kunahitaji badiliko la mwendo la mita 5.5 kwa sekunde, na kwa gesi baridi inayotoka kwa mita 500 kwa sekunde hiyo ni gramu 44 za gesi.

Kabla ya kuwasha, hakikisha mstari wa msukumo unapita kwenye kitovu cha uzito. Injini ya milinewtoni 1 iliyokosea kitovu kwa milimita 5 inatoa torki mara mbili ya ile koili yako, na italijaza gurudumu kwa dakika 33. Sukuma kidogo, pumzika, mwaga momenta, sukuma tena.

Wenzetu wa juu kabisa, kwenye kilomita 35,786, hawana anasa ya kuacha mambo yaende. Fundi wa dishi akishafunga dishi lako juu ya paa hurudi kwake na halisogei tena kwa miaka, kwa sababu setilaiti hutumia mafuta ya kubadili mwendo kwa karibu mita 50 kwa sekunde kila mwaka kupigana na mvuto wa mwezi na jua. Mara nyingi kinachoimaliza ni tangi. Ikibaki na tone la mwisho hupandishwa juu zaidi, ipishe nafasi.

Hatua ya 8: Jaribio la alama za kujumlisha na kutoa, mezani

Chukua tochi kali iwe jua, na sumaku ndogo mkononi. Mulika uso mmoja baada ya mwingine. Mtu wa pili asome kwenye skrini kwa sauti ni uso upi unaona mwanga, bila kukutazama. Geuza mkate kulia kwa mkono: jairoskopu iseme kulia. Washa koili moja moja ukiwa na dira pembeni, uandike sindano imekwenda wapi. Utundike kwa uzi, washa gurudumu moja, uone kwa macho mkate umegeuka kinyume. Kisha chomoa kila kiunganishi, virudishe vyote, ufanye jaribio lote upya, kwa sababu viunganishi vinavyofanana hubadilishana mahali usiku wa mwisho kabla ya kufunga sanduku. Wapeni kazi hii watu wasioandika programu.

Siku ya kurushwa, mfumo wa mikate mingi hautakiwi kufungua kitu chochote kwa nusu saa ya kwanza. Baada ya hapo washa magnetomita na koili tu. Acha breki ifanye kazi siku nzima hata kama timu nzima inataka picha. Mzunguko ukishuka chini ya nusu digrii kwa sekunde, washa kichujio, lakini usiipe setilaiti amri yoyote; kitazame kikilinganisha jua na sumaku kwa mizunguko kumi. Gurudumu la kwanza liwashwe setilaiti ikiwa inasikika kwenye kituo chako, mtu ameshika kitufe cha kuzima, na si mwishoni mwa dakika zako kumi za mawasiliano.